Pale Sindano Inaporuka

Saa sita kasoro dakika tatu, Alhamisi ya Shukrani,
naifuta santuri kwa mkono wa sweta.
Siku nyingine zote kompyuta ndiyo mtangazaji hapa:
inataja baridi, inataja bei ya dizeli,
nami kazi yangu ni kufagia theluji mlangoni
na kupokea simu za waliopotelewa na mbwa.
Wimbo huu tu ndio mashine hatukuiachia.

Ulianza kwa tumbo, si kwa heshima.
Mwaka ule Reino Mattila alikuwa zamu peke yake,
mkewe Verna yuko wodini, mtoto anakataa kutoka,
wakwe wako njiani kutoka Wisconsin,
na bata mzinga yumo ovenini, upande mmoja tu unaiva.
Dakika sita kwenda, sita kurudi, tatu za kumgeuza ndege.
Reino akapekua kabati zima
akitafuta wimbo mrefu kuliko safari yake.
Akaupata chini kabisa, jalada limetafunwa na panya:
dakika kumi na saba na nusu,
mtu tusiyemjua, gitaa limelegea nyuzi mbili,
anasimulia yeye na shemejiye
walivyovusha jiko la chuma juu ya ziwa lililoganda
na barafu ilivyowajibu.

Akaweka sindano. Akakimbia.

Aliporudi, shati lina mafuta, simu inalia.
Akajua kibarua kimeota nyasi.
Kumbe ni Hilja wa duka la nyuzi:
“Huyo mwenye jiko, mwakani mrudishe.
Nilikuwa namenya viazi, nimejikata kidole kwa kucheka.”

Mwaka wa pili walipiga simu kabla.
Mwaka wa tatu hakupiga mtu.
Saa sita ilipofika walinyamaza tu, miiko mkononi,
kama watu wanaomngoja mgeni ambaye hajawahi kuchelewa.

Mwaka mgodi wa shaba ulipofungwa
meza nyingi zilikuwa na kuku, nyingine na supu ya kabichi,
na wanaume waliokaa wiki tatu bila kusema na wake zao
walisikika wakimfundisha yule shemeji namna ya kufunga kamba.

Dakika ya kumi na moja kuna mkwaruzo.
*Jiko la... jiko la... jiko la...*
kisha sindano inaruka,
na alichosema shemeji barafu ilipolia
kinaangukia humo, hakisikiki.
Watoto wa hapa wameuzaliwa wimbo hivyo, na kigugumizi chake.
Meneja mmoja kijana alituletea nakala safi, haina doa.
Kabla haijaisha simu zote nne zilikuwa zinawaka:
“Nani kaukata wimbo wetu?”
Alijitetea kwamba huu ndio mzima.
Hakumaliza mwaka.
Neno la shemeji mimi nililisikia siku hiyo.
Ni neno la kawaida sana. Silisemi.

Reino tulimzika Machi, ardhi ngumu,
ikabidi wachimbaji wawashe moto kwanza.
Verna yuko nyumba ya wazee, ghorofa ya pili.
Muuguzi amenieleza: wodini siku ile, katikati ya uchungu,
redio ya mfagiaji ilipoanza lile gitaa bovu,
Verna alicheka mpaka daktari akasogea nyuma.
“Reino katoka,” alisema. “Kaenda kumgeuza ndege.”
Na hadi leo, wimbo ukianza, humtuliza jirani yake wa kitanda:
“Katoka kidogo tu. Anarudi.”

Nashusha sindano.
Nina dakika kumi na saba na hakuna ninachopika,
basi nafungua mlango, baridi ikinikata masikio.
Mji umefungwa madirisha. Moshi umesimama wima.
Nangoja ya kumi na moja.
Ng'ambo, kwenye kituo cha mafuta, vijana wawili na mzee mmoja
wameacha pampu, wameinua vidole kama wanakwaya:
*jiko la,* wanasema. *Jiko la.*
Ya tatu nasema nao.