Duru za Mkono wa Baba

Saa kumi na mbili na nusu, jua halijaupanda Mwamba wa Tororo,
natoka na chupa ya kupulizia na vitambaa vitatu:
cha kijani kinafuta, cha manjano kinang'arisha,
cha tatu ni cha akiba, maana kilichoanguka chini
hakirudi tena kwenye gari.
Punje moja ya mchanga yatosha
kuandika barua ndefu juu ya boneti.

Gari ni Korona ya baba, buluu ya wino.
(Mwaka wa barakoa jina hilo lilituchekesha, kisha halikuchekesha.)
Alilinunua akiwa karani wa forodha Malaba,
kalamu mbili mfukoni, mhuri mezani,
na mikono isiyojua kukaa bure.

Ochwo wa jirani ananitazama, mguu juu ya pikipiki yake:
"Maji yamekatika? Mbona unalipulizia marashi kama bibi harusi?"
Si marashi, Ochwo.
Hii ni dawa ya vumbi la usiku mmoja,
vumbi jepesi, lililokuja kulala tu.
Tope la Nagongera haliliwezi: hilo linataka ndoo.
Na siku kiwanda kinapokohoa,
saruji ikatua juu ya mabati na shuka zilizoanikwa,
chupa naiacha ndani.
Nafungua mpira wa maji, namwaga, namwaga,
hadi yanayotiririka yaache weupe.
Ukifuta saruji kavu, umelipiga gari msasa.

Leo ni vumbi tu, na zawadi ya karoli kwenye paa.
Naipuliza, naisubiri ilainike.
Naiinua kwa ncha ya kitambaa kama unavyomtoa
mtoto usingizini bila kumwamsha.
Kisha mlango mmoja, pumzi mbili za dawa,
naufuta kwa kwenda mbele, nageuza kitambaa,
naufuta tena. Mlango wa pili.
Bati likiwa baridi dawa haiachi madoa;
ndiyo maana naamka.

Baba hakuwa na haya yote.
Alikuwa na fulana yake iliyochoka, matone ya mafuta ya taa,
na dakika kumi kabla ya misa.
Alifuta kavu, mbiombio, duru juu ya duru,
akipiga mluzi wenye noti mbili.
Gari liling'aa, siwezi kumsingizia.
Lakini kila duru ilibaki.

Nikiegesha saa sita mbele ya benki
ile buluu inafunuka: utando wa buibui,
maelfu ya nyuzi zinazozunguka jua.
Fundi Wamimbi kule Mbale aliinama, akafyonza meno.
"Siku mbili na mashine, laki nne, zote zitakwenda.
Utadhani limeshuka melini jana."
Nikamwambia nitafikiri.
Huu ni mwaka wa tatu nafikiri.

Dawa huzifunika kidogo, siku nne, tano,
kama mgeni mwenye adabu aliyeona jambo akanyamaza.
Mvua moja ya Aprili, hizo zimerudi.

Kwenye mlango wa dereva duru ni pana,
za mkono wenye bega zima.
Kwenye boneti zinakwenda hadi katikati, zinakatika.
Nyuma, chini ya taa ya kushoto, ni ndogo kama vifuniko vya soda,
za mwaka ule alipofuta ameketi kigodani,
akasema anapenda kuanza na sehemu za chini.

Pale napuliza mara moja tu.
Nafuta bila kuegemeza kiganja.

"Hebu," anasema Ochwo. Ameshuka.
Jumamosi anakwenda ukweni, na tangi la pikipiki
limepauka kama kisigino.
Nampa kile kitambaa cha tatu.
Osha kwanza, namwambia. Kisha usisugue.
Anasugua.