Mkono Juu ya Tanuu

Usiku wa tatu tangu lilipowashwa
tanuu halitoi tena ndimi.
Ukitokea njia ya Kibuteni utadhani ni kifusi,
mawe ya mtu aliyeanza nyumba akaishiwa.
Kazija Vuai anajifunga kanga kiunoni,
ananyoosha kiganja bila kugusa,
analizunguka kama anayepima homa ya mtoto.
"Huku linapika," anasema.
Hatua saba.
"Huku linakula."

Mimi nimekaa juu ya gogo la mvinje, kompyuta mapajani.
Muyuni nzima haina umeme tangu magharibi
na betri yangu imebaki asilimia kumi na tisa.
Galaksi ninayoitazama haina jina, ina namba.
Kwa jicho ni doa tu:
vumbi limeifunika gubigubi
kama mwari asiyeruhusiwa kuonekana.
Lakini ile darubini iliyo juu huko, kwenye baridi isiyo na mfano,
haikwenda kutazama, ilikwenda kupapasa.
Infraredi: wekundu uliovuka mpaka wa wekundu,
rangi ambayo jicho limeiachia ngozi.

Swali nililopewa, pamoja na posho ya muhula mmoja,
ni fupi: joto hili ni la nani?
La nyota zinazozaliwa humo gizani, maelfu kwa maelfu,
au la shimo jeusi lililokaa kitako katikati
likivuta gesi, na gesi, kabla haijapotea,
ikapiga ukelele wa moto?
Vumbi halitaji mtu.
Humeza mwanga wa huyu na wa yule
likatoka jasho lile lile.

Basi tunasoma jasho.
Penye nyota changa mna alama za masizi,
ndugu wa haya ya chini ya sufuria,
yanang'aa yakiguswa na mwanga wa uzazi.
Jirani na shimo masizi huvunjika,
vumbi hushikwa na homa kali zaidi,
mawimbi yakafupika kama pumzi.

Namuuliza Kazija anajuaje.
Ananitazama kama niliyeuliza chumvi inajulikanaje.
"La kupika linakuja pole, linakaa.
La kula linakurukia, halafu linakukimbia.
Tundu la kati likipanuka, kuni zinakwisha mawe hayajaiva.
Nimeshapata hasara, ndiyo elimu yangu hiyo."
Vuli ya mwaka juzi tanuu lilimwangukia ndani:
magunia arobaini aliyoyahesabu kichwani
yakawa kumi na moja,
na deni la kuni la Ussi Simai
bado wanalisalimia kila Ijumaa.

Galaksi yangu ina masizi pembeni
na homa katikati.
Fomu ina visanduku viwili, inataka alama moja.
Nimetia mbili. Msimamizi atanirudishia.

Lisilo na kisanduku ni hili:
joto hili liliondoka kwao
kabla matumbawe haya hayajawa kitu chenye uhai,
kabla ya bahari kuyajenga na kuyaacha nchi kavu,
kabla ya shoka, kabla ya Kazija.
Kwa hiyo sijui kama kule kuliiva
au kuliliwa kukaisha,
na mimi hapa na fomu yangu
napima homa ya mgonjwa
ambaye pengine alishapona,
pengine walishamzika.

"Weka hicho chombo, lete udongo," ananiita.
Upande wa kusi pamefunguka ufa.
Tunauziba kwa viganja, haraka haraka,
yeye akinitukana kwa kuchagua mabonge makubwa,
mimi nikinusa nywele zangu zikiungua kidogo.

Nikirudi kwenye gogo skrini imeshazimika.
Giza upande huu, giza upande ule.
Naweka mkono mgongoni mwa kompyuta:
bado ina joto.