Saba Kabla ya Chai

Mwaka ule nilikuwa mtu wa kesho.
Kesho nitaezeka, kesho nitalipa deni la duka,
kesho, nikishapata jembe la maana, nitalima.
Upepo wa Ugogo uliingia na vumbi lake
ukanikuta nimekaa.

Siku ya kwanza nilichimba shimo moja.
Ardhi ya Septemba hapa Chololo
haipokei jembe, inalirudisha na kelele.
Shemeji yangu Chilongani akapita na mbuzi:
"Unamzika panya?"
Kweli, lingemtosha panya.

Kesho yake mawili.
Halafu nikajiwekea: saba kila alfajiri,
kabla chai haijachemka,
kabla kichwa hakijaamka kuanza ubishi.
La nane sichimbi, hata nikiwa na nguvu.
Nikimaliza, mstari wa mkaa ukutani.

Wala sisemi haba na haba;
kibaba changu kina tundu.
Homa ilinilaza siku nne.
Tukamzika bibi Mbeleje, tatu zikaenda na matanga.
Ukutani pakabaki peupe,
na peupe pale palinitazama vibaya kuliko shemeji.
Niliporudi, jembe lilikuwa zito, kama la kuazima.
Nilichimba moja, nikaliacha hapo.
Lakini mstari nilichora.

Sijui mambo yaligeuka lini.
Labda ile asubuhi ya Novemba
nilipojikuta katikati ya shimo la tatu
kabla sijakumbuka kwamba nimeamka.
Miguu ilikwenda yenyewe,
kama ng'ombe wanaojua kisima.
Hata dukani nikaanza kupeleka mia tano kila Jumatatu;
Nhembo alizihesabu mara mbili,
akanitazama, akahesabu tena.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku,
fupi, yenye hasira,
yenye haraka ya kukimbilia korongoni kama kila mwaka.
Kulipokucha, mashimo mia nne na kitu
yalikuwa yameikamata,
maji mekundu, rangi ya chai iliyozidi majani.
Chilongani alisimama ukingoni, kimya,
na mbuzi wake wakanywa katika mgongo wangu.
Sikuwafukuza upesi.

Uwele ulikuwa bado kwenye gunia,
paa bado linavuja,
na jikoni maji hayajatoa hata povu.
Nikachukua jembe.