Nusu ya Kitabu

Tsiala, leo nimesogeza kabati la vyombo
na huko nyuma, kati ya vumbi na ukuta,
nimeikuta nusu yangu:
kuanzia ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu hadi faharasa.
Haina jalada. Haina mwanzo.
Inaanza katikati ya sentensi kuhusu mshipa wa shingo
na bado inanuka mafuta ya taa.

Nani alishika kisu?
Mimi nasema wewe. Wewe, mwaka wa thelathini huu, unasema mimi.
Kitabu kimoja cha anatomia, cha Kirusi,
tulikinunua kwa jozi sita za soksi za sufu alizofuma bibi yako,
kwa mzee mmoja pale Daraja Kavu
aliyeuza vitabu vyake kimoja kimoja
kama anayejimega.
Tukakilaza juu ya meza ya jikoni,
tukanyamaza kama wachinjaji,
tukakipasua mgongo.

Kipupwe kile Tbilisi ilikuwa giza tupu.
Umeme ukirudi usiku wa manane, saa moja tu,
Saburtalo nzima ilipiga ukelele kama goli limeingia;
majirani walikimbilia pasi, walikimbilia birika,
sisi tulikimbilia mifupa ya kiganja.
Glavu tulizikata ncha ili tuweze kufunua kurasa.
Kila jina la Kilatini lilitoka kinywani na mvuke wake.
Na kila Alhamisi tulibadilishana nusu
mbele ya duka la viatu lililofungwa,
wewe kwa miguu kutoka kwenu, mimi kwa miguu kutoka kwetu,
treni za chini zikiwa zimelala tumboni mwa ardhi.

Siku ya mtihani wangu nilikuwa wa mia nne na sita
kwenye foleni ya mkate.
Uliushika mkono wangu, ukanakili namba
kutoka kiganja changu hadi chako,
ukasema, "Nenda."
Ulisimama thelujini saa saba.
Nami nilikwenda, nikafeli.

Nalisema hivyo hivyo, bila kulipamba: nilifeli.
Ukaja jioni na mkate chini ya koti, ungali na joto,
kona moja imemegwa,
ukaiombea radhi kona ile
kuliko nilivyouombea mimi ule mtihani.

Wewe ukawa daktari. Mimi natengeneza cherehani.
Hujawahi kuniambia, "Laiti ungeendelea."
Hujawahi, hata ulipokuja usiku na kipimo cha presha
ndani ya mfuko wa plastiki, ukampima baba,
ukakaa naye hadi alfajiri ukimsikiliza
akikueleza makosa ya madaktari wote.

Ukweli, kuna mwaka mzima hatukusemezana.
Kisa mume wangu wa kwanza,
ambaye ulimjua mapema mno na ukalisema kwa sauti mno.
Mwaka ule, kila Alhamisi, miguu ilinipeleka palepale
(siku hizi wanauza simu),
nikasimama kama mjinga, nisikuone.
Baadaye ulikiri: na wewe ulikuwa ukienda,
ila Jumatano,
kwa kiburi.

Watu wakiniuliza nilipata nini chuoni
nachelewa kujibu.
Cheti sina. Nina majina ya mifupa ishirini na saba ya mkono,
na najua mkono wa nani.
Ahsante ni neno dogo, Tsiala, lakini ndilo lililopo;
lichukue kama ulivyoichukua namba ile,
kiganja kwa kiganja, kabla wino haujakauka.

Vumbi nimelifuta. Gundi sitaki.
Alhamisi nitakuja na nusu yangu;
wewe lete mwanzo, nimesahau unavyosema.
Mkate nitanunua mimi.
Kona ni yako.