Mifuniko Minne

Uchaguzi wa viranja, Kidawa alishindwa
kwa kura kumi na moja.
Moja ilikuwa yangu.
Nilimpa Godlisten: aliahidi chai ya maziwa,
na sauti yake ilikuwa imeshakuwa nzito.

Wiki ileile mvua ya usiku iliingia Vingunguti
bila kubisha hodi.
Mfereji wa njia ya shule ya msingi
una mifuniko ya zege ishirini na mitatu.
Minne haipo.
Wako wanaosema iliibwa, ikavunjwa kutafuta nondo.
Wako wanaosema haikuwahi kuwepo,
ilifunika karatasi tu, ikalipwa.
Maji yakijaa huoni shimo, huoni njia,
vyote rangi moja, chai iliyolala.
Ridhiki wa darasa la kwanza alizama hadi kwapani.
Muosha magari alimvuta kwa mkoba.
Kiatu kimoja kilikwenda zake Msimbazi.

Sisi tulisema: serikali iangalie.
Tulisema vizuri kabisa, midomo imejaa kachori.

Kidawa hakusema.
Jumamosi alikuja na sketi yake ya kidato cha kwanza,
ya damu ya mzee, imekwisha kumbana,
akaikata vipande vinne,
akafunga kila kipande kwenye fito.
"Nani atanishikia?"
Nilimshikia. Alikuwa na daftari langu la Jiografia.

Jumapili fito zote zilikuwa zimeshakuwa kuni.
Vitambaa tulivikuta mlangoni kwao,
vimefuliwa, vimekunjwa.
Ndipo tukaanza kusimama wenyewe.

Asubuhi tano, tangu saa kumi na mbili na nusu,
mmoja na bendera, mmoja juu ya ndoo
akihesabu kwa vizibo vya soda:
kizibo kimoja, watoto kumi.
Jumatano walipita mia sita na kumi na wawili.
Ijumaa walipungua, sijui kwa nini.
Nikaandika hivyohivyo.

Mtendaji wa mtaa alitutazama juu ya miwani.
"Nyie mnasoma au mnafanya siasa?"
"Shikamoo," alisema Kidawa, mara ya pili,
maana ya kwanza haikuitikiwa.
"Tunasoma. Hii ni hesabu."
Akataka barua.
Barua ikataka mhuri.
Mhuri ulikuwa kabatini kwa mwalimu mkuu,
na mwalimu mkuu alikuwa Dodoma, semina.

Basi tukaomba saini nyumba kwa nyumba.
Wengine walidhani tunagawa vyandarua.
Mwenye baa aliuliza ni chama gani.
Bi Mwanahija hajui kuandika. Alitoa dole gumba,
tukalipaka wino wa peni iliyopasuliwa,
akaligandamiza kwenye karatasi, akalishikilia,
kama anayeziba tundu.
Muuza mkaa hakuhitaji wino.

Madole mia moja na tisa, saini sabini.
Usiku nilizihesabu tena, nikaona haya:
dole langu mwenyewe halikuwepo.

Mifuniko mitatu ililetwa mwezi wa tano
kwa mkokoteni, bila hotuba.
Wa nne, walisema, bajeti.
Nikataka tushangilie.
Kidawa alikuwa amechuchumaa, anapima shimo lililobaki
kwa rula, akinitajia sentimita.

Juzi alikuja Godlisten, beji imeng'aa kifuani,
akasimama kando kitambo, kisha akauliza
bendera inashikwaje.
"Juu," Kidawa alimwambia. "Na uwaangalie watoto,
usiwaangalie wanaokuangalia wewe."
Alishika hadi kengele. Mkono ulimtetemeka.

Chai bado ya rangi.
Haya nayaandika nikiwa juu ya ndoo,
mawingu yamekaa vibaya upande wa Kiwalani,
vizibo arobaini na nane mfukoni,
mia nne themanini na tatu, na nne, na tano...
ngoja.
Wewe, mdogo wangu, wa mkoba mwekundu,
pitia huku.