Mshono

Plamen amerudi na theluji mabegani,
kadi ya kamera kaificha ndani ya glavu.
"Dakika arobaini na moja," anasema. "Kazi kwako."
Mimi nina sekunde sabini
katika taarifa ya saa mbili usiku.

Kiwanda cha soksi cha Gabrovo kimefungwa leo.
Wanawake mia na tisa wametoka
na ndara zao za kazini ndani ya mifuko ya plastiki.

Nianzie wapi?
Mwalimu wangu angesema: anzia mbali.
Bomba la moshi lisilo na moshi, milima, geti,
mtazamaji ajue kafika wapi,
ndipo usogee, usogee, hadi uhesabu kope.
Mgeni hupiga hodi kabla ya kuketi.

Lakini nina mkono wa Tsvetana Mincheva.
Miaka thelathini na mmoja ya uzi
imemchimbia kijifereji kwenye kidole cha shahada.
Plamen aliukazia lenzi sekunde tisa, hakutikisika,
ulipokuwa ukizima swichi.
Mashine ikanyamaza kwa zamu:
kwanza sindano, halafu mkanda, halafu chumba.

Basi naingia bila hodi.
Mkono. Swichi. Ukimya.
Bomba nalisukuma mwisho kabisa,
ambako haliambii mtu "hapa ni Gabrovo"
bali linauliza "na kesho je?"
Picha ni ileile. Imehama kiti tu.

Msemaji wa wizara nampa sekunde nne,
sauti yake ikipita juu ya makabati matupu.

Kisha nakutana na dakika ya ishirini na sita:
mkurugenzi Kolarov, dirishani, anacheka,
meno yote nje.
Na katika ya kumi na tisa Tsvetana anajifuta macho
kwa soksi, ya mwisho kutoka mashineni,
isiyo na mwenzake.

Naweka chozi. Naweka kicheko.
Natazama, damu inanichemka.
Yordan, mhariri wa zamu, yuko nyuma ya kiti changu:
"Hapo hapo! Usiguse!"

Plamen anatafuna mkate, anatikisa kichwa.
"Alimcheka mbwa wa mlinzi. Kaiba kofia, kakimbia nayo uani.
Hata akina mama walicheka.
Tsvetana ndiye aliyecheka kuliko wote,
mimi nilikuwa nimegeuzia lenzi juu."

Picha mbili, zote za kweli.
Uongo ungekaa katikati,
pale pasipo na picha,
unene wake kama uzi.

Saa mbili kasorobo. Nafumua.
Yordan ananiita mwoga, anatoka, mlango unajibu.
Pengo la sekunde tano nalijaza nyayo:
theluji, mifuko, migongo,
mama mmoja anarudi kufunga geti ambalo si lake tena.

Saa mbili na dakika ishirini simu inalia.
Sauti nzito ya mwanamke, nyuma yake vijiko.
"Wewe ndiye uliyepanga zile picha?"
Ndiye mimi.
"Mkono wangu umeonekana vizuri. Mjukuu kautambua.
Ila mbona hamkutuonyesha tulivyocheka?"

Nikamwambia hatukuwa na picha.

Akanyamaza.
Kwanza sauti, halafu vijiko,
halafu laini.