Akidi

Daftari la chama liko kwangu sasa:
jalada la kijani, linanuka siki,
maana shangazi Hańža, mweka hazina,
alilihifadhi rafuni nyuma ya mitungi ya matango.

Ukurasa wa kwanza: watu kumi na tisa,
ghorofani, juu ya duka la mkate la Smoler,
miezi michache baada ya ukuta kuanguka Berlin.
Hoja ya kwanza, jina. Hoja ya pili, nembo.
Hoja ya tatu, nani atalipia kahawa.

Wasorbi wa Lusatia ya Juu waliandika "haki" kwa herufi hii,
wa Lusatia ya Chini kwa herufi ile,
wakabishana hadi mwokaji akashuka kuwasha tanuri.
Bango likatoka bila neno lolote,
korongo tu, kasimama mguu mmoja.
Mashine ya wilaya ikamchapa kama bata.
Watu elfu moja mia mbili na kumi na wawili
wakampigia bata kura.

Kiti kimoja, basi.
Měrćin Pjech akakikalia miaka kumi na mmoja,
penye dirisha lisilofungika.
Kila kikao alianza kwa lugha ya mama yake,
sentensi tatu, mwenyekiti akitazama saa,
kisha akajitafsiri mwenyewe kwa Kijerumani,
kwani bajeti haikuwa na mkalimani.
Aliomba vibao vya barabara viwe na majina mawili.
Vikawekwa. Letu chini, kwa herufi ndogo.
Usiku mtu akapita na rangi nyeusi.
Hańža ameandika: brashi, mafuta ya taa, marki saba.

Kisha kampuni ya makaa ikaja na ramani.
Kahawa yao ilikuwa nzuri kuliko yetu.
Lipowc, ngome yetu, kura mia tatu na nne,
ililala juu ya makaa.
Wakachimba.
Korongo likammeza korongo:
kiota kilishushwa kwa kreni, kwa heshima zote,
kanisa likafuata, halafu makaburi,
kila marehemu na namba yake.
Walio hai walipewa fleti zenye joto mjini,
ambako jirani hakuijua salamu yao,
na watoto wakaanza kujibu kwa Kijerumani,
kwanza mezani, baadaye ndotoni.

Kura mia tisa. Mia nne na tano. Sitini na moja.
Sijui ni nani hao sitini na mmoja.
Ningependa kuwajua.

Mwaka jana, barua ya msajili: chama kimelala,
tafadhali kivunjeni kabla ya Desemba.
Nikaisoma katiba. Kifungu cha kumi na nne:
chama kitavunjwa na theluthi mbili
ya wanachama wote walioandikishwa, wakiwapo.
Nikaitisha mkutano. Tukafika watatu:
mimi, Měrćin na mtungi wake wa oksijeni,
na Lejna, aliyedhani ni mazoezi ya kwaya.
Walioandikishwa, wasiofutwa: mia moja na kumi na wanane,
wengi wao makaburi mapya, safu ya tatu.
Akidi haikutimia.

Nikamjibu msajili hivyo, kwa lugha zote mbili,
yetu juu.
Kahawa nililipia mimi. Nimeiandika.